Orodha ya Wanaokuja Mara Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Daktari amenipa daftari hili niandike kila kinywaji kinachopita kooni mwangu. Asubuhi chai nusu kikombe. Maji ya kumezea dawa, mafunda matatu. Mchana uji kikombe kimoja. Basi, kazi yake imekwisha na ukurasa umebaki mtupu. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, siwezi kuacha ukurasa mtupu.

Naitwa Dinah. Ni mwalimu mstaafu na mjane, mwenyeji wa Bura, sasa mkazi wa Kaloleni hapa Voi kwa sababu ya figo. Tangu mwezi wa tatu naenda kituo cha figo kila Jumatatu na Alhamisi. Nakaa kitini saa nne nzima, mashine inaivuta damu yangu, inaiosha, inanirudishia. Mashine ziko nne. Yangu ni ya dirishani, na nikiwa pale nauona mlima wa Sagalla wote.

Zamu yetu ni watu wanne. Mzee Miraj ana duka la mabati na misumari karibu na soko. Sylus ni mkandarasi wa barabara. Gari lake huegeshwa pale palipoandikwa ambulensi tu. Wa nne ni Koki, wa Makwasinyi, miaka ishirini na sita, ana binti wa miaka minne na mume aliyeondoka alipoona ugonjwa. Hutoka kwao alfajiri, akapanda boda hadi Rukanga, halafu gari hadi hapa. Husuka vikapu vya mkonge kwenye benchi akingoja, mpaka Sista Rita amkemee kwamba mkono wenye mshipa wa mashine usichoshwe.

Rita ndiye msimamizi wa wauguzi pale. Nilimfundisha darasa la nne hadi la nane, na miaka miwili kati ya hiyo alilala nyumbani kwangu kwa sababu kwao hakukuwa na wa kumsomesha. Akinichoma sindano hainiumi. Wapo wachache wanaosema wao huwauma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Chai nusu. Uji kikombe. Joto kali, nimenyonya kipande cha barafu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo palichemka. Sylus alifika saa mbili na nusu, akafungwa mashine kabla yetu sisi tuliomtangulia kufika.

Mzee Miraj hakungoja hata tuketi vizuri. "Ndugu yangu, hebu nielezee hesabu hii. Wa mwisho kuja, wa kwanza kuoshwa."

"Mzee, ile jenereta inayonguruma nje ilitoka wapi?" Sylus akamjibu, macho kwenye simu. "Stima ikipotea, unaoshwa na nini?"

"Kumbe ulitununua."

"Niliwasaidia. Na bima mimi nakatwa mara kumi ya unavyokatwa wewe. Ukikata tikiti ya daraja la kwanza kwenye treni, hukai daraja la tatu."

"Treni ukiikosa wapanda ya kesho," Mzee Miraj akasema. "Hii ukiikosa wazikwa."

Ndipo nikasema mimi, kwa sauti ile ya darasani. Nilisema mgonjwa ni mgonjwa, na kwamba mahali pa namna hii haki ni foleni, wala si jenereta. Nilisema mtu akianza kupimwa kwa mfuko wake hatabaki mtu wa kupimwa kwa ugonjwa wake. Mzee Miraj aligonga mkono wa kiti kunishangilia. Rita alitabasamu akiwa mlangoni.

Nikamgeukia Koki. "Na wewe mwanangu, unaonaje?"

"Mimi nikifika tu nashukuru, Mwalimu."

Watu kama Sylus ndio wameiharibu nchi hii. Nimelala mchana huu nikiwa na furaha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mawingu juu ya Sagalla tangu asubuhi, lakini hapakunyesha. Chai nusu. Uji sikuumaliza.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua imeanza. Tulikuwa kanisani ilipopiga radi ya kwanza, watoto wakacheka. Ya pili haikuchekesha mtu. Transfoma ya upande wa hospitali ilishika moto, tukaona moshi mweusi tukitoka ibadani. Nilisimama pale na mwavuli wangu nikijua moshi ule unanihusu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashine mbili zimeungua.

Daktari alitukusanya wagonjwa wote nje, chini ya mabati. Ni kijana, na alikuwa hajalala. Alisema kifaa cha kuzitengeneza kinaagizwa kutoka ng'ambo na hajui kitafika lini. Kwa sasa zimebaki mashine mbili na sisi ni ishirini na wawili. Nafasi za kuja mara mbili kwa wiki ni chache. Wengine watakuja mara moja tu.

"Nani atachagua?" Mzee Miraj akauliza.

"Mkojo ndio utachagua," daktari akasema. Alieleza kwamba ambaye figo zake bado zinatoa mkojo kidogo anaweza kusukuma wiki kwa kuoshwa mara moja. Aliyekauka kabisa hawezi. Maji yatapanda mapafuni, chumvi za chakula zitajaa kwenye damu, na moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Kila mmoja akusanye mkojo wa siku nzima kwenye chupa, aulete Alhamisi, Sista Rita atapima na kuandika.

Nilimpenda kijana yule. Nikawaambia wenzangu: huo ndio mtihani usio na mwizi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilibeba chupa yangu ndani ya mfuko wa khaki. Ilikuwa robo tatu ya lita.

Koki alikuwa na chupa ya maji ya dukani. Aliishika wazi tu mapajani, haina kitu. Akatazama mfuko wangu, nikamfunulia.

"Yote hiyo ni ya siku moja, Mwalimu?"

"Ya siku moja."

"Una bahati," akasema, na hapakuwa na wivu ndani yake. "Mimi tangu mwaka jana hata tone."

Rita alitoka na karatasi yake. Alichukua chupa yangu, akaiinua kwenye mwanga. Akachukua ya Koki, akaipindua. Akaandika.

Ijumaa, 24 Oktoba

Orodha imetumwa kwa simu saa nne asubuhi. Wanaokuja mara mbili ni wanane. Jina la tatu ni Sylus. La sita ni langu.

Nimesoma mara nyingi. Kisha nikasoma orodha ya pili, ya wanaokuja mara moja. Mzee Miraj yuko huko. Koki yuko huko, Alhamisi tu, baada ya saa sita.

Nilimpigia Rita. Nilisema, "Rita, naona kuna makosa kwenye orodha."

"Makosa gani, Mwalimu?"

"Ile chupa yangu..."

"Mwalimu, wewe una presha. Na umri. Vipimo naandika mimi, na mimi nimeandika. Wewe pumzika."

Sikutaja jina la Koki. Nilisema asante. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu ndilo nililolisema.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kiti cha dirishani. Nimeoshwa vizuri. Mvua.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku hizi asubuhi tunakuwa wawili, mimi na Sylus. Mashine mbili zilizokufa zimefunikwa shuka.

Koki alikuwa kwenye benchi nilipotoka saa sita. Alikuwa pale tangu saa mbili, kwa sababu gari la Rukanga ni moja na halingoji zamu ya mtu. Uso wake umejaa, macho yamekuwa membamba. Aliinuka kunipa nafasi ya kupita. Aliinuka yeye ili nipite mimi.

Nilimpa nauli ya kurudi. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 2 Novemba

Nimeenda kanisani. Mhubiri alisema mambo, sikuyasikia.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Chai nusu. Nimeoshwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo tulimsikia Koki kabla hatujamwona. Kikohozi kilitoka kule kwenye benchi, cha maji maji, kama mtu anayesukutua. Sylus aliinua kichwa.

"Ni yule msichana wa Makwasinyi?"

Nikasema ndiye.

"Si huyo ndiye hana mkojo kabisa? Nilimwona na chupa tupu."

Nikasema kitu kingine. Nikasema kwamba shida yote ni mfumo wa nchi hii, wenye pesa wanajipangia, maskini wanapangiwa, na hata hapa kuna ambaye angekuwa mara moja kama si jenereta. Nilimsema waziwazi, kwa sababu nilitaka kumsema mtu.

Hakukasirika. Alizima simu, akaiweka kifuani.

"Mwalimu, mimi najua nilinunua nafasi," akasema. "Jenereta ilikuwa bei, na niliilipa. Nikilala najua nimelalia nini. Wewe ulilipa nini?"

Kengele ya mashine yangu ililia, presha ilikuwa imepanda. Rita alikuja mbio. Sylus aligeukia ukuta.

Koki alifungwa mashine saa saba na akatolewa saa tisa, hakumaliza, presha ilishuka hadi akazimia. Niliambiwa na mfagiaji. Mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemweleza binti yangu Lynn, aliye Mombasa. Nilidhani nikisema kwa sauti nitajua la kufanya.

"Mama, usifanye ujinga," akasema. "Huyo Rita amekuokoa. Unataka aingie taabani? Unataka kufa?"

"Lynn, kuna mtu kwenye nafasi yangu. Mimi niko kwenye nafasi yake."

"Kila mtu yuko kwenye nafasi ya mtu, Mama. Mimi nilipata shule nzuri kwa sababu wewe ulikuwa mwalimu pale. Mbona hukuirudisha?"

Ni kweli. Sikuirudisha. Tuliongea kidogo juu ya mvua ya Mombasa, tukakata simu.

Jumatatu, 10 Novemba

Baada ya kuoshwa nilimfuata Rita kwenye stoo ya maboksi, nikafunga mlango.

"Niambie ulichofanya," nikasema.

Alikuwa anapanga glavu. Aliendelea kuzipanga. "Unajua nilichofanya, Mwalimu. Ulijua siku ile uliponipigia."

"Nataka kusikia."

"Niliandika chupa yako ni mililita hamsini. Ikabidi nafasi itoke mahali. Nikaandika ya Koki ni mia saba." Alifunga boksi la glavu. "Nilikuwa na miaka kumi na moja uliponipa kitanda. Sikuwa na mtu mwingine. Sitakutazama ukifa kwenye kiti ninachokitandika mimi."

"Kwa nini Koki? Walikuwa wengi."

Hapo ndipo aliponitazama. "Kwa sababu hangeniuliza."

Nimefundisha watoto wengi wanyamavu. Nilikuwa nawakalisha mbele ili nisiwasahau. Rita alikuwa mmoja wao.

Aliniambia kifaa kimefika bandarini, ni wiki moja tu, fundi yuko tayari. Akaniomba wiki moja. Nikifungua mdomo sasa atafutwa kazi, na wagonjwa ishirini na wawili watabaki na nani? Nikasema wiki moja.

Mlango wa daktari ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilizihesabu nilipokuwa nikipita.

Alhamisi, 13 Novemba

Koki alikuja na nafuu kidogo. Anakaa sana bila kula, hata ndizi na pojo ameacha kwa sababu ya zile chumvi, ndivyo alivyofunzwa. Alinionyesha picha ya binti yake kwenye simu, amevaa sare ya shule ya watoto, soksi moja juu, moja chini.

Nilitaka kumwambia. Nikamwambia mtoto ni mzuri.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua siku ya tatu bila kupumzika. Redio inasema barabara kadhaa za kuelekea Kasigau zimekatika.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilikuwa nimekata shauri nisiende, nimpigie Koki aje achukue kiti. Nilikuwa nimelipanga jambo hilo tangu jana, hata maneno. Nilipoamka nikahisi kifua kizito. Labda ni woga tu. Nilienda.

Kifaa hakijatoka bandarini. Karatasi fulani imekosa muhuri. Wiki imekwisha.

Alhamisi, 20 Novemba

Benchi lilikuwa tupu saa mbili. Saa nne lilikuwa tupu. Nilimwomba Rita anipe simu yangu mkononi wakati mashine inaendelea, jambo ambalo sisi wengine haturuhusiwi, akanipa.

Koki alipokea baada ya muda mrefu. Alikuwa anasema maneno mawili, anapumzika.

"Mto umejaa, Mwalimu. Boda wamekataa."

"Unapumuaje?"

"Nimekaa tu. Nikilala... nazama."

Sylus alikuwa amegeuka anasikiliza. Alichukua simu yake akapiga kwa watu wake wa kazi karibu na Maungu, akawaambia watoe trekta, lile kubwa, waende Makwasinyi wamlete msichana mgonjwa. Walimwambia barabara haifai. Akawaambia hakuuliza habari za barabara.

Mimi bado nilikuwa na Koki sikioni. Nikasema, "Koki, trekta linakuja. Ukifika utachukua kiti changu. Na Jumatatu, na Alhamisi. Zote ni zako."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi bado nina..." Rita alikuwa amesimama hapo hapo na mrija wangu mkononi.

"Mungu akuzidishie," Koki akasema.

Sylus alikata simu yake. "Watafika kesho," akasema. "Leo haiwezekani hata kwa trekta."

Nilimwona vizuri mtu yule kwa mara ya kwanza, na sikupenda nilichokiona, kwa sababu alikuwa mwema kuliko mimi.

Ijumaa, 21 Novemba

Trekta lilivuka mto saa nne asubuhi. Lilifika Makwasinyi saa sita kasorobo. Dereva alimkuta Koki kwenye kiti mlangoni, amevaa nguo za safari, kadi ya kliniki mkononi. Alidhani amesinzia. Alimwita mara mbili kabla ya mama mtu kutoka jikoni.

Sylus ndiye aliyenipigia. Alisema maneno hayo tu, kisha akakaa kwenye simu bila kukata. Nami sikukata.

Jumamosi, 22 Novemba

Sikuandika nilichokunywa.

Jumatatu, 24 Novemba

Sikwenda. Rita amepiga simu mara saba.

Jumatano, 26 Novemba

Tumemzika Koki leo.

Sylus alitupeleka kwa gari lake, mimi na Mzee Miraj. Mzee Miraj alinusurika kwa sababu wanawe walikuwa wakimpeleka Mombasa kuoshwa mara ya pili, na alisema hivyo mwenyewe njiani, tukiwa tumeupita mto ambao sasa ulikuwa matope tu. "Mie nilikuwa na wana na gari. Yeye alikuwa na benchi."

Mlima wa Kasigau ulikuwa umejifunika mawingu hadi chini. Kaburi lilikuwa linaingia maji, vijana wakiyateka kwa ndoo hadi jeneza lilipofika. Binti wa Koki alikuwa amebebwa na jirani, anakula biskuti.

Watu walipoanza kutawanyika, mama yake Koki alinijia. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye Mwalimu? Koki alikutaja sana. Ulikuwa unampa nauli."

Nikasema nauli haikuwa kitu.

"Kwetu ilikuwa kitu," akasema. "Kila akirudi alisema, Mwalimu amenipa. Watu wazuri bado wapo."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshaanza kuniachilia mkono. Sylus alikuwa amefungua mlango wa gari. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ananiuliza.

"Mama," nikasema, "ile nafasi ya kuja mara mbili ilikuwa ya Koki. Kipimo chake kilibadilishwa, nikapewa mimi."

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayekumbuka.

"Alijua," akasema. "Aliiona chupa yako, akaiona yake. Aliniambia wamezichanganya. Nikamwambia, basi nenda ukaseme. Akasema hapana, Mwalimu hajui. Mwalimu akijua atasema mwenyewe. Akasema tungoje."

Mvua ilianza tena, ndogo. Watu walikuwa wanakimbilia kwenye mabati.

"Nilijua," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza. Nilijua, mama."

Mikono yake ilitoka kwenye wangu. Haikutoka kwa nguvu. Ilitoka tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amebeba kitu kisicho chake. Alitazama kule kaburini, kisha kule tulikotoka.

"Nendeni," akasema. "Mto utajaa."

Hakulia, hakunilaani. Aliingia ndani. Nilisimama pale nikingoja kitu ambacho hakikuwa kinakuja, mpaka Mzee Miraj akanishika kiwiko.

Garini niliwaambia wote wawili. Walikuwa wameshajua, au walikuwa wamekisia. Tulipofika lami Mzee Miraj alifuta kioo kwa kiganja. Kisha akasema, "Mwalimu, mie sitokulaumu. Lakini usinitake nikwambie ni sawa."

Alhamisi, 27 Novemba

Nilienda mapema, si kwa kuoshwa. Nilimweleza daktari yote, nikaandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Niliandika jina la Rita, na chini yake nikaandika kwamba nilijua tarehe ishirini na nne Oktoba nikanyamaza.

Alisoma polepole. "Kwa nini sasa, Mwalimu?"

Aliuliza tena, kwa upole, akidhani sikusikia.

Nilipotoka, Rita alikuwa kwenye korido na trei ya sindano. Aliona karatasi mkononi mwa daktari. Aliiweka trei chini, taratibu, isilie.

Ijumaa, 28 Novemba

Rita amesimamishwa kazi. Orodha imepangwa upya na safari hii imebandikwa mlangoni, kila jina na kipimo chake, kila mtu asome. Mimi ni mara moja, Alhamisi mchana. Mashine bado ni mbili. Muuguzi aliyekuja badala yake ni mgeni, ametoka Taveta. Wagonjwa wawili wameniambia waziwazi kwamba Rita alikuwa na mkono mwepesi, na kwamba nimewaponza.

Jumatatu, 1 Desemba

Saa hizi kuna mtu kwenye kiti cha dirishani. Mzee Miraj anasema ni msichana wa kidato cha tatu, Nthambi, na kwamba alilia alipoona sindano.

Chai nusu. Uji nusu. Mvua.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeoshwa. Sindano ilichomwa mara tatu kabla ya kupata mshipa. Nilingoja kwenye benchi tangu saa mbili. Ni gumu kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 6 Desemba

Chupa yangu ya jana ilikuwa chini ya nusu lita. Nimeiandika hapa. Bado sijamwambia Lynn.

Saa tisa mchana mtu alibisha. Rita alikuwa barazani, amelowa, bila mwavuli. Sikuwa nimemwona akiwa hana sare tangu alipokuwa mtoto. Tulitazamana.

"Nilikuwa nataka uishi tu," akasema.

"Najua."

"Usiku na mchana namwona Koki, Mwalimu. Wewe je?"

Nikamwambia aingie. Nilimpa taulo na kanga kavu. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akashika kikombe cha chai bila kunywa. Aliniambia kesi yake itasikizwa mwezi wa kwanza na huenda asivae sare tena. Hakuniomba nifute nilichoandika, nami sikusema ningekifuta. Aliniambia ameenda Makwasinyi juzi, peke yake, akasimama nje ya boma, akashindwa kuita hodi, akarudi.

Kisha, kwa mazoea tu nadhani, aliweka kikombe chini, akapiga magoti mbele yangu, akanivua ndara. Alibonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wangu, akakishikilia, akakiondoa. Shimo lilibaki pale kwenye ngozi iliyojaa maji. Tulilitazama wote. Halikufutika.

Rita alinivalisha ndara yangu. Akainuka, akaenda kusimama dirishani, akanipa mgongo.

"Alhamisi ni lini?" akauliza, ingawa anajua siku kama mimi ninavyozijua.

"Siku tano," nikasema.

Nje mvua ilikuwa imeongezeka. Sikumuuliza ameona nini mguuni mwangu.